Benchi la Fundi Miwani

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja chembamba, kati ya mshona viatu na muuza vitabu vya shule, na mtu mnene akiingia ilibidi aliyemo asogee. Mbele kulikuwa na kabati la kioo lililojaa fremu. Nyuma kulikuwa na meza ya kazi yenye jiwe la kusagia lililozungushwa na mota ndogo, likidondoshewa maji muda wote ili lenzi isipate moto ikapasuka. Mwenye duka aliitwa Fundi na kila mtu, hata na wale waliomjua jina. Kazi aliirithi kwa baba yake, mzee ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume na hakuona sababu ya kumlilia asiyekuwapo wakati binti yupo na mikono anayo. Sasa binti huyo alikuwa mjane wa makamo, mwili mdogo, ulimi mwepesi, na ukimletea fremu iliyovunjika kwa kukaliwa alikuuliza kwanza ulikuwa unatafuta kusomea nini huko nyuma.

Mkabala na meza, ukutani, kulikuwa na ubao mweupe wenye mistari miwili myeusi iliyokatizana. Hiyo ndiyo ilikuwa roho ya kazi. Fundi alishika lenzi kwa vidole viwili, akaiinua mbele ya jicho lake, akaisogeza huku na huku mpaka mistari iliyoonekana ndani ya lenzi ikaungana na ile ya nje bila kuvunjika. Hapo ndipo kilipokuwa kitovu cha lenzi. Alipatia alama ya nukta ya wino, na nukta hiyo ilipaswa kukaa sawasawa mbele ya mboni ya mteja. Ikienda pembeni hata kidogo, hasa kwa lenzi kali, mtu hupata maumivu ya kichwa, kizunguzungu, na hamu ya kugombana na watoto wake bila sababu.

Wateja walikaa kwenye benchi chini ya ubao huo. Lakini Jumamosi mchana benchi lilikuwa na wenyewe. Wa kwanza alikuwa Mwalimu, aliyefundisha fizikia sekondari, mrefu, na mifuko yake ilitoa vumbi la chaki hata siku za likizo. Wa pili alikuwa Mhubiri, mwenye sauti ya kujaza ukumbi na miwani mizito kuliko ya mtu yeyote mtaani. Wa tatu alikuwa Mtunzi, mdogo wa marehemu mume wa Fundi, shemeji yake kabisa, aliyeandika hadithi. Kabla jina halijatoka gazetini, wakati msomaji wake alikuwa yeye mwenyewe peke yake, alikula kwa Fundi na kulala kwenye kochi la Fundi, na hakuna aliyemhesabia tonge.

Watatu hao hawakuja kutengeneza miwani. Walikuja kugombania ulimwengu.

Mwalimu angeanza. Kwamba hapo mwanzo vyote tunavyoviona, nyota na sisi na benchi hili, vilikuwa kitu kimoja kidogo chenye moto usiosemeka, kikatanuka, na bado kinatanuka. Mhubiri angemkatiza amwambie nani aliyekitanua na kwa ajili ya nani, maana hata chapati haijitanui yenyewe. Mtunzi angetaka kujua ilikuwaje kuwa pale, kulikuwa na kelele au kimya. Mwalimu angemjibu kwamba hakukuwa na hewa ya kubeba kelele wala sikio la kuisikia, aache utoto. "Basi ilikuwa kimya," Mtunzi angesema, akiridhika kama mtu aliyeshinda kesi. Hata mistari ya ukutani haikusalimika. Mwalimu aliiita alama ya kujumlisha, Mhubiri msalaba, Mtunzi njia panda, na Fundi alisema ni mistari tu, na wakiendelea kuiegemea na kuipaka mafuta ya vichwa vyao wataipangusa wenyewe.

Siku moja Mwalimu alijigamba kwamba yeye akionyeshwa amekosea hufurahi, kwa kuwa ndiyo namna ya kuukaribia ukweli. Mhubiri akasema yeye akifika kule juu akakuta amekosea hatafurahi hata kidogo. "Mimi," alisema Mtunzi, "nikikosea hakuna atakayejua." Walicheka mpaka mshona viatu akachungulia kuona kuna nini. Fundi alicheka nao. Saa zile ndizo alizozipenda kuliko zote katika wiki nzima, ingawa ungemwuliza angekwambia wanamjazia duka. Alisaga lenzi huku akiwasikiliza, na moyoni alijiambia kwamba watu wanaotafuta ukweli wa mbali kiasi hicho hawawezi kukudanganya kwa jambo la karibu.

Macho yalianza kumfanyia vituko msimu mmoja wa mvua. Kwanza mistari ya ukutani ilipinda. Alidhani ubao umeloa, akaushusha, akaugonga kwa kidole, akaurudisha. Mistari ikapinda tena, kama iliyochorwa na mlevi. Baadaye mahali pale inapokatizana pakatoweka. Aliona ncha zote za mistari, juu, chini, kulia, kushoto, ila katikati kulikuwa na kitu kisicho na rangi kilichohama naye kila alipogeuza jicho. Akaficha jicho moja, akaficha la pili. Yote mawili.

Hakwenda kwa daktari wa macho wa mjini kwao, aliyemletea wagonjwa miaka na miaka. Alifunga duka, akasema anakwenda msibani, akapanda basi hadi mji wa jirani. Daktari wa huko, kijana mwenye haraka, alimwangalia kwa taa yake akamweleza kwamba ile nyama nyembamba iliyo nyuma ya jicho inakufa katikati. Pembeni itabaki. Hakuna miwani itakayokusaidia, mama, alimwambia, wala hakujua anamwambia nani.

Alirudi na jambo hilo kifuani na alilibeba kwa muda, lakini lilikuwa zito, naye hakuwa na mtoto wala dada. Alikuwa na benchi. Akawaambia, kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja akaapishwa asimwambie hata mwenzake.

Mwalimu aliambiwa kwa sababu Fundi alitaka kujua ni kitu gani. Mwalimu akamchorea jicho kwenye karatasi ya kufungia fremu, kubwa, ili alione, akamweleza vizuri hata hofu ikapungua kidogo. Fundi akamwuliza kama ugonjwa utasimama. Mwalimu akajifuta chaki mikononi. Alisema utafiti unaendelea, na kwa watu wengine huenda ukasimama wenyewe. Kisha akamfundisha jambo lililomfaa kweli. Nyota hafifu, alisema, ukiikazia macho inapotea, ila ukitazama kando yake inajitokeza, kwa sababu pembe ya jicho hukamata mwanga mdogo kuliko katikati. Fundi akajaribu. Akatazama kona ya kabati, na mistari ya ukutani ikajitokeza kwa upande, hafifu lakini nzima. Tangu siku hiyo alifanya kazi akiwa amegeuza uso, na watu wakadhani ameanza maringo uzeeni, kwamba hata machoni hakutazami.

Mhubiri aliambiwa kwa sababu Fundi alitaka kujua kwa nini yeye, fundi wa macho ya watu. Mhubiri hakujibu kwa nini. Alimshika mikono, akamwombea kwa sauti ya chini ambayo Fundi hakujua kama anayo, na akamwambia hayuko peke yake. Hilo lilimtosha kwa siku ile.

Kwa shemeji hakukuwa na sababu. Alikuwa amechoka tu. Shemeji alikuja kunywa chai, akamkuta anapapasa meza akitafuta kijiko kilichokuwa mbele yake, na Fundi akasema yote kwa mkupuo mmoja. Shemeji alilia. Kisha akaweka kiganja kifuani akasema, "Hili nimelizika hapa, shemeji." Na Fundi akamwamini kuliko wote, kwa kuwa wengine walikuwa marafiki, na huyu alikuwa nyumba.

Tusimpake Fundi rangi ya malaika. Na yeye alikuwa anaficha. Kila mteja aliyekaa kwenye kile kiti na kutoa uso wake upimwe aliamini kwamba anayempima anamwona. Fundi alilijua hilo na lilimkosesha usingizi. Alijitetea kwamba hakuna miwani inayotoka bila kukaguliwa na kurudiwa, kwamba anafanya polepole, kwamba siku atakayokosea atajua na atafunga. Ndivyo alivyojiwekea: siku nitakayokosea. Kazi ndiyo ilikuwa imebaki, na bila kazi asingejua aamke afanye nini.

Ikapita mvua, ikaja nyingine. Mkutubi wa maktaba ya mji, mama mmoja mchangamfu aliyekuja kubadilisha lenzi, aliyasikia mabishano ya benchi akaona haya si ya kuachwa dukani. Akaandaa mkutano Jumamosi mchana ukumbini kwake, kila mmoja azungumze jinsi anavyoutafuta ulimwengu kwa njia yake. Fundi alifurahi kama mama wa bwana harusi. Alipiga pasi gauni lake la bluu, akafunga duka mapema, akakaa safu ya mbele, na kwa yeyote aliyetaka kusikia alisema hawa wote wametoka kwenye benchi langu.

Watatu walikaa jukwaani wakitazamana na watu. Mwalimu alizungumza juu ya mwanga, jinsi nyota tunayoiona imeshatuma mwanga wake zamani sana, kwa hiyo tukitazama juu tunatazama yaliyopita. Mhubiri akasema yeye hutazama juu akaona kwamba anatazamwa, na kwamba mtu hawezi kuishi kwa vipimo peke yake. Watu walimpigia makofi kila mmoja kwa zamu na hakuna aliyekasirika. Ndipo Mtunzi akasimama, akarekebisha miwani yake, akasema yeye hana hoja, ana hadithi.

Ilikuwa hadithi ya fundi wa miwani. Mzee mwanamume, mwenye ndevu nyeupe, katika mji wa bandari. Mistari ya ukutani inapinda. Anasema anakwenda msibani, anapanda basi hadi mji wa jirani, na daktari kijana anamwambia hakuna miwani itakayokusaidia, baba, wala hajui anamwambia nani. Anarudi, anawaficha wateja, anasaga lenzi kwa uso uliogeuzwa. Kijiko mezani kilikuwemo. Machozi ya chai ile yalikuwemo, ila katika hadithi aliyelia alikuwa mzee.

Fundi aliitambua safari yake mwenyewe. Hakujitikisa. Alijiambia: ana ndevu, ni mwanamume, yuko bandarini, kaa hivyo hivyo, hakuna atakayejua. Na ni kweli, yangepita. Watu wa mjini si wachunguzi wa hadithi. Ingekuwa hadithi kama hadithi nyingine na wangeenda zao nyumbani.

Lakini Mwalimu na Mhubiri walikuwa jukwaani, mbele ya kila mtu, na waliposikia walishtuka, na kwa kushtuka shingo zao ziligeuka. Hawakukusudia. Mwalimu alimtazama Fundi kuona anaendeleaje, na Mhubiri alimtazama kwa huruma, na huruma ya Mhubiri ilikuwa na uso mkubwa. Watu wakafuata macho yao. Fundi hakuweza kuona sura hata moja mbele yake, lakini pembe za macho yake zilikuwa nzima, na kwa pembe hizo aliona ukumbi wote ukimgeukia.

Na kuna jambo ambalo angeweza kulisema palepale. Miwani ile ambayo Mtunzi aliirekebisha kabla ya kusoma haikuwa na nguvu yoyote. Vilikuwa vioo vitupu. Macho yake yalikuwa mazima kama ya kunguru, na Fundi ndiye aliyemtengenezea miwani hiyo ili awe na sura ya mtunzi kwenye picha ya jalada. Miaka yote hiyo hakumwambia mtu, hata kwa utani, na alikuwa mtu wa utani. Angesimama tu akasema neno moja, ukumbi ungecheka mpaka kesho. Alibana midomo. Hakufanya hivyo kwa wema, alikuwa hana sauti.

Hadithi ikaisha hivi: asubuhi moja yule mzee, macho yamekwisha kabisa, anatoka nje, anainua uso kwenye jua, na ndani ya giza lake anauona ulimwengu mzima waziwazi, kuliko alivyouona wakati akiwa na macho, na anatabasamu. Wanawake wawili nyuma ya Fundi walikuwa wanapenga kamasi. Makofi yalikuwa marefu kuliko ya wale wengine wote.

Wiki iliyofuata wateja walianza kurudi. Mama Mapacha, aliyekuwa ameisifu miwani yake mtaa mzima, aliileta akasema siku hizi inaogelea. Karani mmoja akasema ya kwake inamchoma pua, kana kwamba pua nayo husoma hadithi. Fundi aliipima yote kwa kugeuza uso, mbele yao sasa, hakuna cha kuficha tena, akaona iko sawa, akawaambia. Walimjibu kwa adabu. Walichukua miwani yao na hawakurudi. Daktari wa macho wa mjini hakusema neno baya, alianza tu kumsalimia kwa kirefu zaidi kuliko zamani na kutomletea mgonjwa.

Hayo yote aliyameza. Alikuwa na hasira, lakini hasira ilikuwa na mahali pa kusimama: kazi yangu ni safi, wao ndio wamejazwa maneno.

Mhubiri alikuja siku ya katikati ya wiki, peke yake, kuomba radhi kwa shingo yake. Alikaa kwenye benchi akazungumza juu ya msamaha, na huku akizungumza alivua miwani akasugua paji la uso. Fundi hakumwona akisugua, alimsikia. Ngozi kavu juu ya ngozi kavu, tena na tena. Akanyoosha mkono.

"Lete hiyo miwani."

Mhubiri alisita, akampa. Fundi aliiinua mbele ya ubao, akatazama kona ya kabati, akasubiri mistari ijitokeze. Akasogeza lenzi ya kulia. Akasogeza tena. Kitovu hakikuwa mahali pake. Kosa halikuwa dogo la kubishaniwa. Kilikuwa kimekwenda pembeni kiasi ambacho mwanagenzi wa mwezi wa kwanza angepigwa kofi.

"Kichwa kinakuuma tangu lini?"

"Ah, dada, umri tu."

"Sijakuuliza umri."

Fundi alisikia cherehani ya mshona viatu upande wa pili wa ukuta. "Tangu uliponitengenezea," alisema Mhubiri mwishoni. "Ile mvua ya kwanza. Halafu ukaniambia habari ya macho, na nikaelewa. Nikaona una mzigo wa kutosha. Nikaona nivumilie."

"Ulijua nimekosea."

"Nilikusamehe siku ileile, dada."

Fundi aliweka miwani mezani taratibu. Alisalitiwa ukumbini, ndiyo, lakini hili lilimwuma kuliko ukumbi. Alikuwa amejiwekea siku moja tu ya kufunga, na siku hiyo ilikuwa imekwishapita, na huyu mtu aliikalia kimya juu ya benchi lake, kila Jumamosi, akigombania ukweli wa mbingu.

"Hukuwa na haki ya kunisamehe bila kuniambia," alisema. "Ningefunga. Sasa wangapi wengine wananivumilia? Niende kwa nani nikamwulize?"

Mhubiri aliichukua miwani mezani. Aliondoka na miwani yake mbovu mfukoni, akipapasa ukuta njia nzima.

Fundi akamwita Mwalimu aje na bisibisi. Alipokuja alimwomba afungue mota ya jiwe la kusagia, na wakati amepiga magoti chini ya meza, akamwuliza kama ule ugonjwa unasimama. Bisibisi ilitulia. Mwalimu akasema hausimami. Fundi akamwuliza kama alilijua hilo siku ile ya kuchora jicho. Alilijua, alisema, lakini Fundi alikuwa amemtazama kwa namna ambayo, basi, alishindwa. Fundi akamkumbusha kwamba ni yeye aliyejigamba kwamba hufurahi akionyeshwa ukweli hata ukiwa dhidi yake. Mwalimu akasema, akiwa bado chini ya meza, kwamba hilo ni rahisi kwa nyota. Walimaliza kufungua mota. Maji yaliyokuwa yakidondoka yaliachwa yakauke kwenye bomba.

Kwa hiyo Jumamosi ile shemeji alipokuja, duka lilikuwa limebaki duka kwa jina. Kabati lilikuwa tupu. Mtunzi aliketi kwenye benchi peke yake, katikati, akaanza kujieleza kabla ya kuulizwa. Kwamba hakumtaja. Kwamba alibadili kila kitu. Kwamba hadithi ilimjia yenyewe na asingeweza kuikataa, na kwamba watu walilia, shemeji, watu wazima walilia, na mtu halilii asichokielewa.

"Walimlilia mzee mwenye ndevu," Fundi alisema. "Mimi wameniletea miwani yao."

Mtunzi akasema alimheshimu. Akasema alimpa mwisho mzuri.

Hapo Fundi aliacha kukunja kitambaa alichokuwa anakikunja. "Ndiyo nilitaka kukuuliza. Siri yangu umeitoa, imetoka, siwezi kuirudisha. Umeniuza, na mimi ni mke wa kaka yako. Lakini ungeniuza nilivyo. Ule mwisho umeutoa wapi? Nani alikwambia kuna ulimwengu mle ndani? Umenivika kilemba cha ukoka halafu ukaniacha nacho mbele ya watu, na sasa wakinikuta njiani wananitazama wakingoja nitabasamu."

Mtunzi hakujitetea. Aliuliza, kwa sauti ndogo kuliko ile ya ukumbini, "Kukoje, basi?"

Na hapa ndipo Fundi alipokosea, kama ni kosa. Hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza hivyo. Daktari alimwambia kulivyo, Mwalimu alimchorea, Mhubiri alimwombea, na hakuna aliyeuliza. Alikuwa na maneno hayo muda mrefu na hakuwa na pa kuyaweka. Aliketi kwenye kiti cha wateja.

"Si giza," alisema. "Ninyi mtaandika giza, najua. Giza ungejua ni giza. Hiki hakina rangi. Hata huoni kwamba huoni, unaona tu kwamba kitu hakipo. Na kinachotoweka ni kile unachokitaka. Nikitaka uzi, meza yote ipo, uzi haupo. Nikitaka sura ya mtu naona masikio. Ningekuwa sitaki kitu chochote ningeona vizuri tu."

Shemeji alitikisa kichwa polepole.

"Juzi nilichukua picha ya kaka yako. Naiona fremu. Naiona kola, ile aliyokuwa hataki ipigwe pasi na mtu mwingine. Nikaisogeza, nikaisogeza, kama lenzi, uso hauji. Nikachoka, nikatazama kalenda. Akaja. Kwa upande, kidogo, kama mtu anayepita dirishani. Nikamgeukia haraka, shemeji, maana ni mume wangu, na nilipomgeukia akaondoka. Nimekaa pale mchana mzima nikijizuia nisimtazame."

Fundi akataka kujua kama shemeji naye anaumia, kama walau hili limemfika yule mtu aliyekula kwake na kulala kwake. Akageuza uso kuelekea mlangoni, akatazama barabara, mpaka sura ya shemeji ikajitokeza kwa pembeni, hafifu lakini nzima.

Midomo yake ilikuwa inacheza. Hakuwa analia na hakuwa anaomba. Alikuwa anayarudia maneno kimyakimya, taratibu, moja baada ya jingine, yasije yakampotea kabla hajafika nyumbani: kama mtu anayepita dirishani.

Fundi akanyamaza.

"Halafu?" aliuliza shemeji kwa upole. "Endelea, shemeji. Nakusikiliza."